Kisiwa kitupu hakipo: jibu kwa kijana anayetaka kuhamia porini

Kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, ameniletea swali. Nalifupisha kwa maneno yake mwenyewe:

"Shikamoo mzee. Nina miaka 31, ni wakala wa pesa kwa simu. Mji umenichosha. Nimesoma habari za watu walioacha kila kitu wakahamia msituni, wakakaa huko miaka na miaka, hawamdai mtu wala hawadaiwi. Ziwa letu lina visiwa vitupu chungu nzima. Nataka kimoja, nivue, nilime kidogo, nisionekane tena. Je, inawezekana? Na hao wa ng'ambo waliwezaje? La mwisho, ninunue panga la aina gani? Samahani kwa haraka, simu haiachi kuita hata usiku huu."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kidogo kwa ajili ya hilo panga; mara ya pili sikucheka. Panga nitalijibu mwishoni. Tuanze na visiwa, maana hesabu yako imepinda tangu hapo.

Nilisomea uaskari wa wanyamapori Pasiansi, nikafanya kazi ya doria hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa majini. Nimelizunguka ziwa hili la Victoria kwa mtumbwi, kwa boti ya doria, na mara moja juu ya mapipa matupu, kisa kirefu hicho. Kisiwa kitupu sijakiona. Kile unachokitazama ukiwa kwenye feri ya Kamanga ukadhani ni mawe na miti tu, kifikie alfajiri. Utakuta dagaa wameanikwa, nyavu zinashonwa, mama anachoma maandazi, na usishangae ukikuta mwavuli na meza ya wakala, mwenzako kabisa, akimtolea mvuvi pesa. Wavuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wengi hurudi kwao, na hapo mwalo, yaani pwani wanakoshushia samaki, huonekana umekufa. Njoo baada ya wiki mbili utafute pa kulala ukose.

Penye utupu wa kweli pana sababu. Rubondo, kwa mfano, ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Watu waliokuwa wakiishi na kuvua pale walihamishwa miaka ya 1960, na leo ukikutwa umepiga kibanda huko utaongea na mahakama, si na ndege. Hata Saanane, hicho kisiwa kidogo unachoweza kukiona ukiwa mjini, kina jina la mwenyewe: Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijakichukua na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Kwingine ni mwamba mtupu usio na udongo wa kutosha hata shina moja la muhogo. Kwingine wenyeji wanapaheshimu kwa matambiko, na usijidanganye kwamba hawatajua umefika.

Sheria nayo ina maneno yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwenye visiwa vidogo, mita 60 kutoka pande zote hazibakizi kitu. Ardhi isiyo hifadhi wala mji mara nyingi ni ya kijiji, na ya kijiji inaombwa kwa halmashauri ya kijiji, inajadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, na wewe mgeni utaulizwa unatoka wapi na nani anakufahamu. Ukiamua kukaa kimyakimya bila kuomba, sungusungu watakugongea ndani ya wiki. Mwanaume mmoja, hana mke, hana ng'ombe, hana nyavu za maana, anajificha vichakani: Usukumani mtu wa namna hiyo ana majina matatu tu, mwizi, mchawi au aliyemkimbia mtu. Hilo la tatu nitalirudia.

Sasa hao wa ng'ambo. Aliyefanya kitu kinachofanana zaidi na ndoto yako ni Christopher Knight wa jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1986, akiwa na miaka 20, aliendesha gari hadi barabara ilipoishia, akaliacha, akaingia msituni bila kumuaga mtu. Alitoka 2013, tena kwa pingu. Kwa maelezo yake, katika miaka 27 alitamka neno moja tu mbele ya mtu, salamu kwa mpita njia. Hakuwasha moto hata siku moja, akiogopa moshi usimchongee, na kule baridi hugandisha maziwa hadi ukaweza kutembea juu yake. Ukiishia hapo utasema, naam, huyu ndiye mwalimu wangu. Lakini uliza alikula nini. Aliiba. Alivunja nyumba za mapumziko za watu na kambi moja ya watu wenye ulemavu, kwa jumla kama mara elfu moja, akichukua vyakula, betri, nguo, godoro, vitabu na mitungi ya gesi. Hema lake lilikuwa dakika chache kwa miguu kutoka nyumba ya karibu. Huyo hakuutoka mji, mwanangu. Alihamia uvunguni mwa kitanda cha jirani.

Waliojitenga kweli walikuwa familia, na habari yao ndiyo ningependa uisome polepole. Karp Lykov alikuwa Mrusi wa dhehebu la Waumini wa Kale, watu waliokwisha kuteswa kwa imani yao tangu enzi za wafalme. Mwaka 1936, baada ya ndugu yake kupigwa risasi na askari wa serikali ya wakati ule, alimchukua mkewe Akulina na watoto wao wawili, wakaingia misitu ya Siberia wakiwa na mbegu, vyungu vya chuma na gurudumu la kusokotea nyuzi. Wakazaa wengine wawili hukohuko. Hawakuonana na watu hadi 1978, rubani wa helikopta iliyokuwa ikitafuta pa kuwashusha wanajiolojia alipoona shamba mlimani, mahali pasipokuwa na kijiji kwa zaidi ya kilomita 200.

Waliishi, ndiyo. Waliishi kwa viazi, wakavaa nguo za katani walizosuka wenyewe na viatu vya magome ya miti. Vyungu vilipoliwa na kutu wakarudia vyombo vya magome, ambavyo haviwekwi motoni, na tangu hapo kupika kukawa mtihani. Hawakuwa na bunduki wala upinde. Kijana wao Dmitry alijifunza kumfukuza mnyama siku nzima hadi achoke. Mwaka 1961 theluji ilianguka Juni, mazao yakafa, wakala viatu vyao na magome. Akulina aliwaachia watoto chakula, akafa kwa njaa. Shina moja tu la rai, nafaka ya jamii ya ngano, lilichipua shambani, wakalilinda usiku na mchana dhidi ya panya, na kutokana na suke hilo wakaanza upya mbegu yao yote. Ukitaka kujua maisha ya porini yalivyo, acha picha za vibanda na machweo. Fikiria watu watano wakikesha kulinda suke moja.

Wanajiolojia walipowaletea zawadi, wazee wale walikataa karibu kila kitu. Walichopokea kwanza ni chumvi. Karp alikuwa amekaa miaka arobaini bila chumvi na alisema ni mateso. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kwamba Wasukuma wa zamani walikuwa wakifunga misafara kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kufuata chumvi, siku nyingi za kiu na simba, ilhali nyumbani walikuwa na ng'ombe, mtama na maziwa. Mtu mwenye kila kitu alihatarisha roho kwa ajili ya chumvi. Wewe umeandika utavua na kulima, chumvi hukuitaja. Ndipo nikajua hujawahi kukaa.

Watoto watatu kati ya wanne walikufa mwaka 1981, miaka mitatu tu baada ya kukutana na watu. Baba akafuata 1988. Amebaki Agafia, aliyezaliwa hukohuko 1944 na akachagua kuendelea kukaa kule mlimani. Watu humsifu kuwa anaishi peke yake, lakini kwa miaka mingi askari wa hifadhi na watu wema wamekuwa wakimpelekea unga na mahitaji, na mwaka 2016 helikopta ilimchukua kwenda hospitali kwa maumivu ya miguu. Simdharau hata kidogo. Nasema tu kwamba ana kamba iliyomfunga nchi kavu, na yeye mwenyewe anaijua.

Hicho ndicho ninachokitafuta kila ninapoletewa habari za mtu wa namna hii: kamba yake iko wapi? Henry David Thoreau, Mmarekani anayetajwa sana, alikaa kando ya bwawa kuanzia 1845 kwa miaka miwili na kidogo, kwenye shamba la rafiki yake, karibu na mji wao kiasi cha kwenda kula kwa mama. Dick Proenneke alijenga kibanda chake Alaska mwaka 1968 na kukaa huko karibu miaka thelathini, lakini alikuwa fundi hodari aliyekwisha kupita miaka hamsini, na ndege ndogo ilimletea vifaa na barua. Ambaye hakuwa na kamba alikuwa Christopher McCandless. Alikuwa kijana msomi, aligawa akiba yake, akaingia pori la Alaska Aprili 1992 na gunia dogo la mchele na bunduki, bila ramani ya maana. Julai alitaka kutoka, akakuta mto umejaa. Chini kidogo ya pale kulikuwa na kitoroli cha kuvukia kwenye waya, hakujua. Akarudi kwenye basi bovu alilokuwa akilala, na Septemba wawindaji wakaukuta mwili wake, kilo 30 hivi. Basi lenyewe serikali ililiondoa kwa helikopta mwaka 2020, kwa sababu vijana walikuwa wakienda kulihiji na wengine wakifia mtoni.

Ninayempenda mimi ni Brendon Grimshaw. Huyu tunaweza kumdai kidogo, maana alikuwa mhariri wa magazeti huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1962 alinunua kisiwa kidogo cha Moyenne huko Shelisheli kwa pauni 8,000, akakingoja zaidi ya miaka kumi, akahamia 1973. Alipanda miti 16,000, akafuga kobe wakubwa, akakaa hadi alipofariki 2012, na kisiwa kikawa hifadhi ya taifa yeye mwenyewe angali hai. Utaona kila mahali imeandikwa kwamba aliishi peke yake. Miti ile aliipanda pamoja na René Lafortune, mwenyeji wa kule, na wageni walikuwa wakivuka kila leo kumsalimia. Yeye hakutaka kupotea. Alitaka mahali pa kufanyia kazi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko bahari aliyoivuka.

Tuje kwenye chakula chako, kwa kuwa hapo hakuna hadithi, ni hesabu. Sato wa nusu kilo, ukimtoa magamba, matumbo na miiba, unabaki na nyama isiyozidi robo kilo, yenye nguvu ya kalori 250 kwa kukadiria juu. Mwanaume anayekata kuni na kupiga kasia anahitaji 2,500 au zaidi. Kwa hiyo ni sato kumi au zaidi kwa siku, kila siku, upepo uwepo usiwepo, na bado nyama tupu isiyo na mafuta wala wanga itakudhoofisha huku tumbo limejaa. Utahitaji muhogo au viazi. Muhogo unachukua miezi tisa hadi mwaka na zaidi. Viazi vitamu miezi mitatu hadi mitano, kama kiboko hajavifikia, na kiboko huwa anavifikia. Bibi zetu walijua hili ndiyo maana wakakausha michembe na matobolwa, viazi vitamu hivyohivyo, vya kuvuka kiangazi, kazi ya ukoo mzima kwenye mwamba wenye jua.

Halafu maji. Utaoga, utachota, utasimama mpaka magotini kutega, na kichocho kipo pwani zote za ziwa hili. Dawa ipo, ni vidonge vya siku moja, lakini vinatolewa zahanati. Malaria vilevile. Mtu wa peke yake hauawi na malaria tu; anauawa kwa kuwa siku ya tatu ya homa hakuna wa kumchotea maji.

Niliwahi kukwama. Injini ya boti ilikufa, redio nayo, tukabaki wawili kwenye kisiwa cha upande wa magharibi kwa siku sita na chakula cha siku mbili. Tulikuwa vijana, tumefundishwa, tuna panga (zuri sana), tuna moto. Samaki tulipata. Siku ya nne tukawa hatusemezani kwa sababu ya ndoana moja iliyopotea, na mpaka leo nadhani ni yeye. Siku ya tano nilijikuta namweleza mti mmoja habari za ile ndoana. Waliotuokoa walikuwa wavuvi wa Ukerewe, na kitu cha kwanza walichotupa ni ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na dagaa zilizokaangwa kwa chumvi nyingi. Nililia, na sitakuficha.

Hata wanyama wanalijua hili. Kule Rubondo, kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek alileta sokwe 17 kutoka Ulaya. Hawa walikuwa wamekamatwa wadogo Afrika Magharibi, wakalelewa kwenye vizimba. Wakafunguliwa tu, bila mafunzo. Wachache walishindwa kabisa kuachana na watu, wakashambulia, wakapigwa risasi. Lakini waliobaki walijifunza matunda ya pale, wakajenga viota, wakazaa, na vizazi vyao vipo hadi leo. Hao ndio ninaoweza kusema bila kusita kwamba waliuacha mji wakarudi porini. Waliachiwa kwa makundi. Na Wahadzabe wa Eyasi, ambao pori ni nyumbani kwao na si kimbilio, hukaa kambi za watu ishirini, thelathini. Leo huyu amekosa mnyama, yule amepata asali, wanakula. Mtaalamu wa kuishi porini peke yake hawampi cheo; wangemuuliza amekosana na nani.

Nikuulize basi. Nani anapiga hiyo simu usiku?

Katika barua yako umeandika "hawadaiwi" kabla ya kuandika "nivue". Kwa wakala, floti, yaani mtaji wa kuhudumia wateja, ikipungua njia ya haraka ni mkopo, na mikopo ya haraka hapa mjini ina jina lake, kausha damu. Kama nimekosea, nisamehe uzee. Kama sijakosea, ujue kwamba siku utakapopanda mtumbwi simu haitanyamaza. Itahamia kwa aliyekudhamini, na pengine ni mama yako au shemeji. Hii si fani yangu, ila najua tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni. Muombe aionyeshe, omba mkataba wa maandishi, kaa naye mpange marejesho mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wengine husinyaa wakisikia neno leseni. Na kama "nisionekane tena" ina maana nyingine zaidi ya kuhama, usingoje jibu la pili kutoka kwangu. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, aende na wewe hospitali ya Bugando, wapo wa kukusikiliza.

Hamu yenyewe siikatai. Nami ninayo. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye kisiwa cha mawe, nilipokuwa doria, tuliyeambiwa kwamba haongei na mtu na anaishi kwa kudra. Nilienda mara nne ndipo akanikaribisha chai. Ile sukari niliiulizia. Akaonyesha nyavu zilizorundikwa mlangoni: wavuvi walikuwa wakimwachia zilizochanika, yeye anazishona usiku, wao wanaleta unga, sukari na kiberiti. Alikuwa ameukimbia mji na bado ana wateja kuliko fundi yeyote wa Igoma. Hakupenda maongezi, basi, na wao walimheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana, kwa namna ya yule mzee. Kabla ya hapo nenda kwa ndugu mwenye shamba, Ukerewe au Misungwi, si Desemba ya pilau bali Aprili ya matope, wiki tatu, simu ibaki mjini. Lima, chota, lala saa mbili. Ukirudi bado unataka, tafuta kijiji cha mwaloni chenye nafasi, jitambulishe kwa mwenyekiti, omba ardhi mita zaidi ya 60 kutoka majini, na uwe na ufundi mmoja wanaouhitaji. Hesabu unazijua, miyalo mingi inalia kwa kukosa mtu mwaminifu wa kuandika daftari la mnada.

Sasa panga. La chuma kizito kidogo, mpini wa mbao uliopigwa misumari mitatu, si wa plastiki, maana wa plastiki ukivunjika huwezi kuuchonga mwingine. Bei isikutishe wala isikuvutie. Ligonge kwa ukucha usikie linavyolia kabla hujalipa. Na nunua tupa bapa pamoja nalo, kwa sababu panga butu ni fimbo. Tupa moja, ukilinoa panga kila siku, itakwisha makali ndani ya mwaka, nyingine utaipata dukani tu, kwa hiyo weka pembeni na nauli ya mtumbwi, kwenda na kurudi.